Mushitu wetu una wazee. Je, una watoto?



Katika mkutano wa juma lililopita maneno mawili yalisemwa juu ya ule mushitu mdogo wa kijito, na hayakupata jibu. Mama mmoja alisema udongo wa pale ni mweusi na una maji hata mwezi wa tisa, basi tuusafishe tupate bustani za lengalenga na kabichi. Mama mwingine akaongeza kwamba, tukisafisha, kwenye chanzo chenyewe tupande kalitusi, ili pasikose miti. Mama mwenyekiti akanigeukia: "Mwalimu, wewe ndiye unayefundisha biolojia, utuandikie kitu." Basi naandika, na naonyesha upande wangu tangu mwanzo: neno la kwanza silikubali, na la pili silikubali hata zaidi.

Lakini sitaki kuandika kama wale wanaopita na kipaza sauti kusema "tulinde mazingira" kisha wanapanda gari lao na kurudi mjini. Bustani ni chakula. Daftari na viatu vya watoto wengi wa kalasi yangu vinatoka katika bustani za mama zao, na najua mama hao kwa majina. Kwa hiyo nataka tutazame vizuri hicho kitu tunachotaka kukata: kina nini ndani yake, na kimejengwa namna gani. Kisha tutasema habari za kabichi.

Tuanze na majina. Sisi tunasema "pori" kwa kila mahali penye miti, lakini wazee wetu walitofautisha. Pori kubwa linalotuzunguka, lenye musamba, masuku na mupundu, ndilo wataalamu wanaita miombo. Miti yake inasimama mbalimbali, jua linafika chini, nyasi zinaota, na kila kiangazi moto unapita. Humo tunaokota masuku, bowa wakati wa mvua, na vinkubala, na humo ndimo makala yetu yanatoka. Muhulu ni kitu kingine: msitu mzito juu ya nchi kavu, majani yake hayaanguki yote pamoja, na ndani yake ni giza hata saa sita mchana. Katika Haut-Katanga muhulu umebaki vipande vipande tu. Mushitu nao ni msitu mzito wa maji. Unafuata kijito au unakaa juu ya chanzo, na mizizi yake iko ndani ya matope. Panda kilima mwezi wa nane utazame chini: nchi yote ni rangi ya kahawia, na mushitu ni mstari mmoja wa kijani.

Mstari huo ni mwembamba, lakini miti yake si ile ya pori. Hili ni jambo ambalo watoto hawaliamini mpaka wakatazame wenyewe. Unatoka katika masuku na musamba, unapiga hatua ishirini, na hakuna hata mti mmoja uliouona nyuma yako. Sasa kuna musafwa wa maji wenye majani manene na matunda ya zambarau. Kuna miti yenye mizizi inayotoka nje ya matope kama magoti. Kuna Xylopia, mti mrefu ambao mbegu zake kali zinatiwa katika chakula na dawa sehemu nyingi za Afrika. Kuna Mitragyna yenye majani makubwa kama sahani, na mahali pengine mitende ya rafia. Majina ya kisayansi nayaandika kwa ajili ya watoto wa sekondari wanaosoma karatasi hii nyuma ya migongo ya mama zao. Musafwa wa maji ni Syzygium cordatum. Jirani yake mwenye gome la rangi ya majivu na matunda madogo mekundu ni Ilex mitis.

Hiyo miwili naomba muikumbuke, kwa sababu ina habari ya ajabu kidogo. Ni miti inayoota pia milimani. Ilex mitis inaota katika misitu ya baridi na ukungu kutoka Ethiopia hadi Afrika ya Kusini. Sisi hapa Koni tuko kwenye kama meta 1,000 tu juu ya bahari, na kiangazi chetu ni kikavu kabisa. Mti wa ukungu unatafuta nini kwetu? Unatafuta maji. Mlimani unayapata hewani. Huku chini unayapata miguuni, ndani ya mushitu, na hauwezi kuishi hatua hamsini kutoka pale. Kwa hiyo mushitu ni kama kidole cha mlima kilichoshuka mpaka kwetu, na kidole hicho kikikatwa, mti huo hauna mahali pengine pa kwenda katika nchi yetu ya chini.

Wale wenye ndugu Moba wameuona mlima wenyewe. Ni Marungu, nyanda za juu kando ya ziwa Tanganyika, zinazopita meta 2,000. Juu kule sehemu kubwa ni majani ya ng'ombe, na msitu umebaki katika mabonde makali na kando ya vijito. Katika mabonde kuna Parinari excelsa, ndugu mkubwa wa mupundu wetu. Kando ya vijito ni nani? Ni Syzygium cordatum na Ilex mitis, wale wale, pamoja na Ficalhoa laurifolia. Katika misitu hiyo anaishi ndege mmoja mdogo mwenye mdomo wa kunyonya asali ya maua, Cinnyris prigoginei, ambaye haonekani mahali pengine popote duniani, wala Zambia, wala Tanzania. Jina lake ni la Alexandre Prigogine, mtaalamu wa madini aliyefanya kazi mashariki ya Kongo na kukusanya ndege (ndugu yake Ilya alipata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 1977, hiyo ni ya wale wanaopenda maswali ya jeni-en-erbe). Na adui wa misitu hiyo ya Marungu ni wawili tu, wanaojulikana: shoka, na kwato za ng'ombe zinazobomoa kingo za vijito. Hakuna kampuni kubwa hapo, wala bomu. Ni watu kama sisi wanaotafuta mbao na maji ya mifugo.

Sasa, kutaja majina ya miti hakutoshi kujua kama msitu ni mzima. Tunahitaji kuona jinsi ulivyojengwa, na hapo nawapeleka mbali kidogo, hadi Kenya, kwenye milima ya Taita, kwa sababu ni pale vipande vya msitu wa mlima vimehesabiwa vizuri kuliko mahali pengi. Ni vilima vinavyosimama peke yake katikati ya nchi kavu ya Tsavo. Kilele chake, Vuria, kina meta 2,208. Upepo kutoka bahari ya Hindi unapiga vilima hivyo, unapanda, unakuwa ukungu, na majani ya miti yanaukamata ukungu huo tone kwa tone. Kutoka humo unaanza mto wa Voi. Zamani vilele vile vilivaa msitu. Leo msitu wa asili uko katika vipande: Mbololo kama hekta 200, Ngangao kama 120, Chawia chini ya 100, na vingine vidogo vya hekta chache tu. Hekta moja ni kama uwanja wa mpira mmoja na nusu, kwa hiyo mnaweza kupiga hesabu. Watafiti wa chuo kikuu cha Helsinki walilinganisha picha zilizopigwa kutoka ndegeni mwaka wa 1955 na za mwaka wa 2004, na wakakuta kwamba nusu ya msitu wa asili ilikuwa imekwisha katika muda huo. Sehemu nyingine bado ilikuwa na miti, lakini ilikuwa misonobari, misiprasi na kalitusi iliyopandwa.

Na ndani ya vipande hivyo vidogo kuna nini? Mbololo kuna ua dogo la zambarau linaloota juu ya mawe yenye kivuli. Ni la jamii ya yale maua ambayo Wazungu wanafuga ndani ya nyumba, katika vyungu kwenye dirisha. Maua hayo ya dirishani yalitoka katika milima ya Usambara, Tanzania, mwaka wa 1892, wakati Mjerumani mmoja, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alipotuma mbegu kwao, na leo yanauzwa dunia nzima. Ndugu yao wa Mbololo hana dirisha, ana kipande chake cha msitu tu. Katika milima hiyo ya Taita kuna pia kahawa ya mwituni, Coffea fadenii. Na kuna ndege wa aina ya mkesha, Turdus helleri, anayetafuta wadudu chini ya majani makavu. Wengi wao wako Mbololo. Chawia, ambako msitu ulikatwa-katwa sana na paa lake lina matundu, wamebaki wachache.

Kwa nini Mbololo na si Chawia? Jibu liko katika ujenzi. Msitu mzima ni nyumba ya etaji. Juu kabisa kuna miti mikubwa ya meta 25, 30 au zaidi, inayopokea jua lote. Chini yao kuna miti ya kati inayoishi na mwanga wa mabaki. Chini zaidi kuna vichaka, na miti michanga inayongoja mzee mmoja aanguke ili ipate nafasi, na wengine wanangoja miaka mingi wakiwa na urefu wa mtoto wa kalasi ya tatu. Halafu kuna majani, jamii ya tangawizi, na miche ya juma lile lile. Kutoka etaji moja hadi nyingine kuna kamba za mwituni. Na juu ya matawi kuna mimea isiyogusa udongo kabisa: kangaga, okidi. Kila etaji ina hewa yake na wakaaji wake. Ukitoboa paa, jua linaingia hadi sakafuni, majani makavu ya chini yanakauka, na yule ndege hana tena pa kuchimbua.

Kupima ujenzi huo ni kazi rahisi kuliko mnavyofikiri. Wataalamu wanaweka kamba, wanapata kipande cha mfano meta 20 kwa 50, na kila mti ulio ndani yake wanaupima unene kwenye urefu wa meta 1 na santimeta 30 kutoka chini, yaani kifuani. Wanaandika jina na unene. Mwishoni wanapanga: wembamba wangapi, wa kati wangapi, wanene wangapi. Msitu mzima unaonyesha picha ile ile ya shule yetu: kalasi ya kwanza wamejaa hadi mlangoni, kalasi ya sita wanakaa kwa nafasi. Wembamba wengi sana, wa kati wachache zaidi, wanene kidogo. Si vibaya kwamba wengi wa wale wadogo watakufa. Muhimu ni kwamba wapo.

Sasa fikirini shule yenye kalasi ya sita peke yake. Wanafunzi ni wakubwa, wasafi, wanaimba vizuri, mgeni anasema "shule nzuri hii". Lakini mwaka ujao milango inafungwa. Kuna misitu ya namna hiyo. Kutoka mbali ni ya kijani, miti mikubwa imesimama, tunda linaanguka kila mwaka, na hata hivyo msitu umekwisha, kwa sababu chini ya wale wazee hakuna mtu. Ukitaka kujua kama mushitu wetu ni wa namna hiyo, usitazame juu. Tazama chini.

Na nani anachukua watoto wa mushitu? Naomba tusimtafute mbali. Mti mnene hatuukati kwa urahisi, shoka letu ni dogo. Tunakata ule wa unene wa mkono: fito za nyumba, vijiti vya nyanya, mpini wa jembe, mwiko wa bukari, nguzo za choo. Ni kijiti kimoja tu, kila mtu anasema. Lakini vijiti hivyo ndivyo kalasi ya pili, ya tatu na ya nne ya msitu. Halafu mbuzi wanaingia na kumaliza kalasi ya kwanza. Mbuzi anapenda mche wa musafwa kuliko majani makavu ya kiangazi, na mimi simlaumu, lakini mwenye mbuzi nina neno naye.

Kuna tena jambo la ukingo. Kipande kidogo cha msitu ni ukingo karibu chote: popote unaposimama, unaona mwanga wa nje. Upepo unaingia, unyevu unatoka. Miti ya haraka-haraka inayopenda jua inajaa, kamba zinapanda juu ya wazee na kuwavuta chini. Ndege wakubwa wanaobeba mbegu wanaacha kuja. Kwetu huku ni yule wa buluu mwenye kilemba na mabawa mekundu, anayekimbia juu ya matawi kama panya, mnamjua. Yeye anakula tunda la msitu na kudondosha mbegu mbali. Asipokuja, matunda yote yanaanguka chini ya mama yao, na hapo hakuna nafasi ya kukua.

Lakini kwa sisi watu wa Katanga adui mkubwa wa ukingo ni moto. Mushitu mzima hauungui, una maji na kivuli. Moto wa pori unafika kwenye mpaka wake na kulala. Ukifungua ukingo, hata kwa bustani ndogo, nyasi zinaingia, mwezi wa nane zinakauka, na moto unaziona kama mlango. Mwaka unaofuata unaingia ndani zaidi. Karibu na Ndola, kwa majirani zetu wa Zambia, kuanzia mwaka wa 1933 viwanja vya pori vilitengwa kwa majaribio: kimoja kinachomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi wakati kila kitu ni kikavu, kingine kinachomwa mapema, kingine hakichomwi kabisa. Matokeo yaliandikwa na Colin Trapnell mwaka wa 1959. Kilichochomwa kwa kuchelewa kiligeuka karibu nyasi tupu. Kisichochomwa kilianza kuota chini yake vichaka na miti ya kijani ya daima, yaani kilianza safari ya kurudi kuwa msitu mzito. Ni udongo ule ule, mvua ile ile. Kwa hiyo usiniambie kwamba nyasi za kando ya kijito ni mapenzi ya udongo.

Tuje kwa maji, maana najua ndiyo wengi mnangojea. Sitasema kwamba miti inatengeneza maji, kwa sababu miti pia inakunywa, na kunywa sana. Kinachosaidia ni sakafu. Nimefanya hili na watoto mara nyingi, na ninyi mnaweza kufanya nyuma ya nyumba: chukua makopo mawili yenye matundu chini, moja weka udongo mtupu uliokanyagwa, jingine udongo wa mushitu pamoja na majani yake yaliyooza. Mwagia maji kwa nguvu, kama mvua ya mwezi wa kwanza. La kwanza linafurika juu na maji yanakimbia mekundu. La pili linameza, kisha linatoa polepole, safi, muda mrefu baada ya wewe kuacha kumwaga. Mvua yetu yote inanyesha kati ya mwezi wa kumi na wa nne. Maji tunayoteka mwezi wa tisa ni mvua ya zamani ambayo sakafu hiyo ilimeza. Ndiyo sababu udongo wa pale ni mweusi, na ndiyo sababu mama yule aliuona mzuri kwa kabichi. Ni kweli, utazaa, misimu michache. Ukishalimwa na kupigwa na jua, weusi huo unaisha, na mvua inaubeba hadi Lufira.

Kalitusi sasa. Ni mti mzuri mahali pake. Unakua haraka, umenyooka, unatoa nguzo na kuni. Lakini mti unaokua haraka unakunywa haraka, na kuupanda juu ya chanzo ni kama kuweka ng'ombe kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Mwaka wa 2009 waziri wa mazingira wa Kenya, John Michuki, aliamuru kalitusi ziondolewe karibu na vyanzo na mito, baada ya watu kuzipanda huko miaka mingi. Tena chini ya kalitusi huoti msitu wa etaji. Kuna etaji moja, majani makavu yenye mafuta, na moto unapenda mafuta hayo. Mwenye kutaka kalitusi apande juu ya mteremko, mbali, kwenye shamba lililochoka. Au apande akasia kwa makala, kama walivyofanya Mampu, kwenye nyanda za Bateke karibu na Kinshasa, ambako watu wanalima muhogo kati ya akasia changa, kisha wanakata akasia zikikomaa, wanachoma makala, na kuanza tena. Hiyo ni habari ndefu, tutairudia juma jingine, maana makala ndiyo yanayomaliza pori letu na hakuna mama hapa asiyeyapika.

Na kuna sheria. Wengi hawaijui, na wengine wanaijua na kunyamaza. Kodi ya misitu ya nchi yetu, sheria ya tarehe 29 mwezi wa nane 2002, katika kifungu cha 48, inakataza kuondoa miti kwenye meta 50 kila upande wa mto au kijito, na meta 100 kuzunguka chanzo. Mtembee wenyewe kwa hatua: mushitu wetu wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, uko ndani ya meta hizo. Kwa hiyo siku mtu atakapokuja na karatasi ya kuuza sehemu ile, hata kama karatasi ina mhuri, tuna kitu cha kujibu. Tena bonde la Lufira liliandikwa na UNESCO mwaka wa 1982 kati ya hifadhi za biosfera. Sijaona bado faida yake kwenye sufuria yangu, lakini jina hilo lipo, na siku ya kubishana na wakubwa jina linasaidia.

Bustani basi zifanyike wapi? Maoni yangu ni haya, na mama wanaojua kulima kuliko mimi wanisahihishe. Chini ya mushitu, pale kijito kinapotoka kwenye miti na ardhi inapanuka, kuna uwanja wa nyasi ambao mbuzi tu wanautumia. Ukipima vizuri nje ya meta 50, na kuchimba mfereji mdogo, maji yanafika. Udongo wake si mweusi kama ule wa ndani, lazima mbolea ya mbuzi na majani. Kazi ni kubwa zaidi mwaka wa kwanza, sikatai. Lakini maji ya mfereji huo yanategemea mushitu wa juu yake, na hapo mama mwenye bustani na mushitu wanakuwa upande mmoja.

Kwa wenye kutaka kupanda kitu kwenye chanzo: pandeni musafwa wa maji. Okoteni matunda yaliyoiva chini ya mti wakati wa mvua, ondoeni nyama yake (watoto wataondoa kwa furaha, na midomo ya zambarau), na pandeni mbegu siku ile ile au kesho yake. Mbegu ya musafwa haihifadhiwi, ikikauka imekufa. Ile mifuko midogo ya plastiki ya maji ya kunywa, iliyojaa barabarani, inatosha kuwa vyungu vya miche. Iwekwe kivulini, chini ya paa la nyasi, mpaka mwaka unaofuata mvua zikianza. Na kama mkikuta miche imejiotea chini ya mama yake, hiyo ni bora zaidi kuliko tutakayopanda sisi: wekeni kijiti chenye kitambaa pembeni yake ili mwenye panga aione.

Mama mwenyekiti amekubali kwamba kabla ya kupiga kura juu ya mushitu, tuuhesabu. Tutakutana Jumamosi saa mbili asubuhi kwenye daraja la miti. Kila mama aje na mtoto mmoja anayejua kuandika, na uzi wa santimeta 31 uliokatwa vizuri. Uzi huo ukiuzungusha kwenye mti, kwenye urefu wa kifua, na ncha zikakutana, mti huo una unene wa santimeta 10. Ncha zisipofika, ni mti mkubwa. Zikipishana, ni kijana. Mtoto anaandika mstari mmoja kwa kila mti: jina kama mama analijua, kwa Kisanga, Kibemba au lugha yoyote, na alama K kwa mkubwa au V kwa kijana. Miche iliyo chini ya goti tutaihesabu tofauti, ndani ya mraba wa hatua mbili kwa mbili. Wazee wanaojua majina ya miti wanaombwa sana waje, hata wasioweza kuinama, tutawaletea matawi walipoketi. Viatu vya matope. Mbuzi wabaki nyumbani.